Kaburi Moja kwa Kila Kaya

Nchi ninayoisimulia usiitafute kwenye ramani, maana mwenyewe nimeitafuta nikaambulia macho kuuma. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko barabara, na ina serikali inayowapenda wananchi wake kiasi kwamba haivumilii kuwaona wakihangaika, ndiyo maana huangalia pembeni. Mimi naishi huko. Kazi yangu ni kuziba pancha katika mtaa uitwao Mwisho wa Lami, na jina hilo halihitaji maelezo: lami ya mji mkuu inafika hapo, inakatika, halafu ndiyo sisi.

Nyuma yetu kuna korongo, na ng'ambo ya korongo kuna msitu wa hifadhi. Korongo ndilo jalala la mji. Kila kilichowashinda watu wa mjini kula huletwa kwetu: maganda, nepi, vichwa vya samaki, utumbo wa machinjioni. Siku za joto harufu yake hukaa mdomoni hata ukitafuna tangawizi. Takataka zilileta mbwa koko, na mbwa koko wakaleta chui. Chui wa msituni waliona hakuna haja ya kukimbizana na swala wakati chini ya kilima kuna mbwa wanono waliozoea kulala, wakahamia kwetu, nasi tukaishi nao. Asubuhi unaziona nyayo mbele ya banda, unasema "amepita," unaendelea kuwasha jiko. Wao walikula mbwa, sisi tukawaachia mbwa. Nikisema kweli, nimewahi kuwa na majirani wabaya zaidi.

Tatizo lilikuwa moja, na naomba msomaji anayekula aweke sahani chini. Mwisho wa Lami hakukuwa na choo. Si kwamba hatukujua kuchimba, tulikatazwa. Serikali ilikuwa haijakubali kwamba tupo, maana ingekubali ingelazimika kutuletea maji. Sheria ya Mashimo ilisema wazi kuwa ni marufuku mkazi asiyetambuliwa kuchimba shimo linalozidi goti, kwa sababu shimo ni dalili ya kukaa. Askari wa jiji walikuwa wakija kupima kwa magoti yao wenyewe. Waliyemkuta na shimo la kufika pajani walimfukia shimo lake, na jembe wakaondoka nalo. Kwa hiyo sote, wazee, wake na wakwe zao, tulishuka vichakani korongoni kwenda haja. Na mtu akichuchumaa kichakani, machoni pa chui hatofautiani sana na mbwa.

Ndivyo alivyotutoka Mzee Kibwana, mshona viatu. Suruali yake ilipatikana.

*

Serikali ilisikitika sana, ikaunda Tume. Iliitwa Tume ya Kudumu ya Ujirani Mwema baina ya Chui na Raia, na mwenyekiti wake alikuwa Waziri wa Wanyama na Makazi, Mheshimiwa Daktari Fungameza Lwila. Daktari wa nini, hatukuambiwa.

Walikuja mchana kwa magari meusi yakipiga ving'ora. Nyuma ya magari kulikuwa na lori lililobeba kitu ambacho hatukuwahi kukiona: kibanda cheupe chenye ngazi, mlango, komeo, kioo na sabuni ya kunukia. Kilikuwa choo. Waheshimiwa wa nchi yetu hawajisaidii ovyo. Choo chao husafiri nao, na hurudi nao.

Likafungwa turubai, tukaketishwa. Wa kwanza kusimama alikuwa Bi. Sikudhani, mjane anayeuza mihogo ya kukaanga jirani na banda langu. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, Chausiku, naye alikuwa mjamzito. Mjamzito mnamjua, haja haimpi nafasi. Kila Chausiku alipobanwa, mama yake aliacha mihogo ikiungua kwenye karai, akashika sufuria na mwiko, akashuka naye korongoni akigonga ili chui wasisogee.

"Mheshimiwa," alisema Bi. Sikudhani, "sisi hatugombani na chui. Tunaomba ruhusa ya kuchimba choo. Kimoja tu, chenye mlango. Binti yangu ni mzito, na mimi nitagonga sufuria mpaka lini?"

Waziri aliinuka, akafunga kifungo cha koti.

"Mama, nakushukuru kwa mchango wako wenye hisia kali. Lakini tusilitazame jambo la kitaifa kwa jicho la tumbo. Chui ni fahari yetu. Wageni hupanda ndege kuja kumtafuta wasimwone, ninyi mnamwona bure, tena mkiwa mmechuchumaa. Je, ni nani hapa amewahi kumshukuru?"

Hakuna aliyewahi. Tulitazamana kwa aibu.

"Kuhusu choo," aliendelea, "Tume haiwezi kuruhusu shimo mahali ambapo, kwa mujibu wa ramani, hakuna watu."

"Na hawa wanaoliwa ni nani?"

"Hilo, mama, ndilo Tume imekuja kulichunguza."

Watu walipiga makofi, kwa sababu Afisa Itifaki alikuwa ameinua mkono. Huyu Afisa Itifaki aliitwa Bwana Mwinjuma, mtu mwembamba wa glavu nyeupe, na ndiye aliyejua desturi zote za Dola. Desturi ya kwanza ni kwamba ugeni wa Dola hauondoki bila kuchinjiwa mbuzi. Mbuzi hao si wa Dola. Bwana Mwinjuma alipita mabandani mwetu akiwabonyeza mbuzi mgongoni kwa kidole kimoja, na walionona wakafunguliwa kamba.

Nimewaona watu wakila, lakini wale niliwaona wakila na sikutamani kula tena siku ile. Mafuta yaliwatiririka hadi kwenye saa zao. Walinyonya mifupa kwa sauti, wakacheua, wakachokonoa meno wakitazama korongo, na mmoja alisema mandhari ni ya kuvutia. Desturi ya pili ndiyo iliyotumaliza. Masalia ya mlo wa Dola hayaliwi na raia, kwa kuwa huo ni utovu wa heshima. Wala hayafukiwi, kwa kuwa kukifukia kitu cha Dola ni uchuro. Basi mifupa, kwato, matumbo na minofu iliyobaki vilimwagwa korongoni, kando ya vichaka vyetu. Juu yake wakafungulia tangi la kile choo cheupe.

*

Chui ana akili kuliko anavyosifiwa. Tume ilipokuja mara ya pili, chui mmoja alikutwa amelala pale pale palipomwagwa mifupa, amekunja mikono, anasubiri. Ilipokuja tena walikuwa kadhaa. Mwishowe ikawa king'ora kikisikika barabarani, chui wanashuka kutoka msituni kwa mwendo wa watu waliokaribishwa harusini. Wakishamaliza mifupa hubaki na hamu, na hamu ile ilituangukia sisi. Waliotutoka wakaongezeka.

Tume ikaja kuchunguza kwa nini wanaongezeka. Ikala. Ikamwaga. Ikaandika kwamba chui wamesogea kwa sababu zisizofahamika, na kwamba vikao zaidi vinahitajika.

Sisi nasi tukajifunza. King'ora kikilia tulifunga milango, tukajibana. Kuna wazee mtaani kwetu walioshikwa na ugonjwa wa kibofu kwa sababu ya kuipenda serikali.

Siku ya kikao kikubwa, hata hivyo, ilipigwa mbiu kwamba kila mtu atoke aketi chini ya turubai, wakiwemo wagonjwa na wajawazito, ili wananchi waonekane wengi kwenye picha. Bi. Sikudhani alipangiwa na Bwana Mwinjuma kukaanga mihogo ya waheshimiwa, akaambiwa asiliache karai hata kidogo. Mimi niliitwa kuziba gurudumu la gari la Waziri, lililokuwa limeegeshwa jirani na lori la choo. Nilikuwa nimeinama hapo Chausiku alipokuja, ameshika kiuno kwa mkono mmoja na sufuria kwa mkono mwingine.

"Baba, shikamoo," alimwambia Bwana Mwinjuma, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi. "Naomba nijisitiri humo. Sikawii."

"Hiki ni choo cha cheo, binti. Wewe cheo chako nini?"

"Sina."

"Basi nenda unakokwenda siku zote."

"Kuna chui, baba. Mmeshapiga king'ora."

Bwana Mwinjuma alizitazama glavu zake. "Chui wako chini ya Tume," alisema. "Wasiwasi wako umepokelewa."

Niliinuka nikasema, "Mzee, mruhusu tu, ni mjamzito." Aliniambia nizibe pancha. Kichwa changu kilikuwa kinafika kiunoni pake, na kwenye upenyo wa mlango niliiona ile sabuni, imekaa kwenye kisahani, haijashikwa na mtu.

Chausiku alisimama pale kwa muda, akihamisha uzito kutoka mguu hadi mguu. Halafu akashuka korongoni peke yake, akigonga sufuria mwenyewe. Mtu anaweza kutembea akigonga. Kuchuchumaa na tumbo lile huku akigonga hawezi, lazima ashike mti. Tulisikia sufuria ikilia, tukaisikia ikinyamaza. Chini ya turubai, katika hotuba yake, Waziri alikuwa amefika mahali pa kuishi kwa upendo na viumbe wote.

Bi. Sikudhani aliisikia ikinyamaza. Aliruka karai la mafuta ya moto, akakimbia akipiga kelele ambazo sitaki kuziandika. Vijana wakamfuata na mapanga. Alirudi ameshika sufuria.

Waheshimiwa walipoelezwa walinawa mikono, maana walikuwa wameshakula. Nami nikaenda nyuma ya banda nikatapika. Sikutapika kwa ajili ya damu. Nilitapika kwa ajili ya ile sabuni.

*

Tulizika kilichopatikana. Wachimbaji walianza kwa woga, wakichungulia barabarani, kwa sababu ya Sheria ya Mashimo. Askari wa jiji alikuja akawaangalia, akakunja mikono kifuani, akasema chimbeni tu. Wakalishusha kaburi hadi mabegani mwa mtu mzima, kingo zikachongwa vizuri, na hakuna aliyepima kwa goti.

Waziri alikuja kwa ving'ora, na nusu ya watu wakakimbilia ndani. Kwa kuwa chui walikuwa wanatarajiwa, hakushuka garini. Alishusha kioo kidogo, kiasi cha kupitisha macho, akatuonyesha kwamba anasikitika.

Bi. Sikudhani alisimama ukingoni mwa lile shimo, udongo umemganda miguuni. Alilipima kwa macho kutoka ukingoni hadi chini. Kisha akamgeukia askari.

"Hili halijazidi goti?"

"Hili ni kaburi, mama. Kaburi ruksa. Maiti hadai maji."

"Na mimi nikitaka kuchimba langu?"

"Umekufa?"

"Bado kidogo."

Askari akamwonyesha gari la Waziri. Bi. Sikudhani alikwenda hadi kwenye kile kioo. Mimi nilimfuata, nikidhani anakwenda kumtemea mtu mate, na nilikuwa tayari kutema pia.

"Mheshimiwa," alisema, na sauti yake ilikuwa tambarare kabisa, "naomba kuchimba kaburi langu mapema. Ninyi mnakuja mara kwa mara, na kila mkija tunakufa. Sipendi kuja kuwasumbua."

Waziri aliguswa. Machozi yalimlenga, nami niliyaona, ya kweli. Alisema hajawahi kukutana na mwananchi anayeielewa serikali yake namna ile. Jioni hiyo hiyo redio ikatangaza mpango wa taifa: Kaburi Moja kwa Kila Kaya. Kila familia ya pembezoni iwe na kaburi la akiba, refu, lililofunikwa juu, lenye kinga ya mvua. Askari wale wale waliokuwa wakitufukia mashimo sasa walipita wakitukemea kwa uvivu wa kuchimba. Wengine walitushikia sululu.

Tukachimba. Sijawahi kuuona mtaa ukichimba kwa furaha namna ile. Tulilaza magogo juu ya mashimo, tukaacha tundu katikati, tukasema ni la hewa. Tukazungushia magunia na mabati. Kisha tukatia milango, na hapo Bwana Mwinjuma alikunja uso.

"Kaburi linahitaji mlango wa nini?"

"Ili marehemu asitoke ovyo," Bi. Sikudhani alimjibu.

Aliona ni hoja nzito, akaagiza mitaa mingine ifanye hivyo hivyo.

Watu wakaacha kuliwa. Chui walikuja, wakanusa milango, wakarudi kwa mbwa wao. Serikali ilitangaza kwamba imegundua jambo ambalo wataalamu wa dunia walikuwa hawajaligundua: raia mwenye kaburi tayari hafi, kwa kuwa ameondolewa wasiwasi. Waziri alivishwa nishani. Kwenye sherehe alisema kifo chenyewe kimesalimu amri.

*

Sasa, nchi yetu ina Bunge, na Bunge likiona kitu kinafaa hukosa usingizi. Mbunge mmoja aliuliza inakuwaje makaburi yote yale yamekaa bila watu, wakati yalichimbwa kwa watu. Swali lilipigiwa meza. Ikaamuliwa kwamba kaburi lisilo na mtu si kaburi, ni shimo, na shimo linalozidi goti linajulikana sheria yake. Tume ikapewa kazi ya kukagua kaburi moja moja kwa macho. Lenye mtu liachwe. Tupu lifukiwe.

Habari hiyo ilitufikia mke wangu Riziki akiwa na mimba. Wote wawili tukalikumbuka korongo. Nilikwenda kwa Bi. Sikudhani kumuuliza tufanye nini. Alikuwa anamenya mihogo.

"Waache waje wakague," alisema. "Si wamesema kwa macho?"

Walikuja na magari, ving'ora, trekta la kufukia, na askari wenye masepeto. Walianza na la Bi. Sikudhani, kwa kuwa ndilo lililokuwa la kwanza kuchimbwa, na kwa kuwa yeye, mjane wa watu, alikuwa ameuachia mtaa mzima ulitumie. Sote tulijipanga kulizunguka. Riziki alinishika mkono mpaka kucha zikaingia.

"Mama," alisema Waziri, "kaburi hili lina mtu au halina?"

"Mheshimiwa, angalia mwenyewe. Sheria imesema macho yako."

Waziri alifungua mlango. Kulikuwa na jua kali, na bati la juu lilikuwa limepata moto tangu asubuhi. Aliinama, akaondoa kifuniko cha tundu, akaingiza uso.

Naomba radhi, lakini lazima niseme. Mle mlikuwa na kila tulichokula na kila tulichoshindwa kukimeng'enya tangu lilipochimbwa. Kulikuwa na joto, kulikuwa na funza, na nzi wa kijani walipanda wote kwa pamoja kumlaki kiongozi wao. Waziri alitoka kinyumenyume ameziba mdomo kwa leso, macho yamemtoka, tai imemgeukia begani. Alisimama akihema. Tulimwona akifikiri, na si jambo tulilozoea kuliona. Kusema kwamba ni choo hakuweza, kwa sababu Tume yake yenyewe iliapa kwamba hakuna choo, na kwamba mpango wake wa makaburi ndio uliokishinda kifo, na nishani alikuwa ameivaa.

"Amekaa muda mrefu?" aliuliza taratibu.

"Muda mrefu, mheshimiwa."

"Ni mtu mmoja?"

"Ni mtaa mzima."

Waziri alitikisa kichwa kwa huzuni. Akatangaza kwa sauti ya kitaifa kwamba Tume imejiridhisha, kaburi lina watu, na kwa harufu alizozipata kutoka makaburi mengine haoni haja ya kuendelea kukagua. Trekta likageuzwa. Watu walishusha pumzi. Kisha Waziri akavua kofia.

Waheshimiwa wote wakavua kofia. Walijipanga mstari mbele ya choo chetu, matumbo yametangulia, vichwa vimeinama. Bwana Mwinjuma alileta shada la maua kutoka kwenye gari, lile linalokaa tayari kwa dharura, akaliegemeza mlangoni kwa glavu zake nyeupe. Waziri akasema, "Mliolala humu, taifa halitawasahau. Mlichokitoa kwa nchi hii ni kikubwa." Akaamuru dakika moja ya ukimya.

Nilijiuma mdomo nikasikia chumvi ya damu. Bega la Riziki lilikuwa linatikisika pembeni yangu, na wanaume wazima waliangalia ardhi kama waliopoteza sindano. Nzi walikuwa wanatua kwenye maua. Nikamgeukia Bi. Sikudhani, nikitaka tutazamane tu, maana ushindi ulikuwa wake na niliona anastahili kucheka wa kwanza.

Hakuwa anacheka. Alikuwa anaitazama ile kofia mkononi mwa Waziri. Aliitazama, akamtazama Waziri miguuni, viatu vyake vyeusi vimekanyaga udongo wa Mwisho wa Lami. Kwa Chausiku hakushuka garini.

Bi. Sikudhani akatoka kati yetu bila kuaga, akaenda kando ya korongo kwenye tuta la mwanawe, akaketi chini akakunja miguu. Tulianza kumsikia. Kwanza kidogo, halafu kwa sauti yote ambayo siku ya mazishi hakuitoa. Hakuna aliyebakiwa na hamu ya kucheka. Bwana Mwinjuma aliangalia saa yake, akamnong'oneza askari, na askari akaenda mbio kumwambia mama yule apunguze sauti, kwa kuwa dakika ya ukimya ilikuwa bado haijaisha.